Mvunjiko mmoja, ligamenti mbili: uchambuzi wa kisa cha mtulinga uliovunjika karibu na bega

Kuhusu kisa hiki

Umri, kazi na tarehe za mgonjwa zimebadilishwa kiasi cha kutosha asitambulike, naye mwenyewe aliridhia kisa chake kifundishiwe. Kosa la kwanza lililomo ni langu. Nalitaja mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mkosaji.

Kuhusu istilahi: nitaita ligamenti ule ukamba unaofunga mfupa kwa mfupa, na kano ule unaofunga msuli kwa mfupa. Lugha ya kila siku huviita vyote viwili kano, lakini katika kisa hiki kuvichanganya kungetupoteza.

Usiku wa kwanza

Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye afya njema, fundi ambaye sehemu kubwa ya siku mikono yake huwa juu ya kichwa. Alianguka na baiskeli, bega la kulia likatangulia ardhini. Alifika akiwa ameudaka mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba mtoto, kichwa kimeinama upande wa kulia na kidevu kimegeukia kushoto. Mkao huo peke yake ni nusu ya utambuzi. Kuubeba mkono kunapunguza uzito unaovuta bega chini, na kuinamisha kichwa kunalegeza misuli ya shingo iliyojishikiza kwenye mtulinga, ule mfupa unaotoka kidarini hadi begani. Hakuna aliyemfundisha, mwili ulijua.

Daktari wa zamu alifanya mambo yake vizuri. Alipima mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, akapima hisia na nguvu za vidole, akasikiliza mapafu pande zote mbili. Si utaratibu wa kujaza fomu. Nyuma na chini ya mtulinga hupita ateri na vena kubwa za mkono pamoja na kifungu cha neva zote zinazouendesha, na kilele cha pafu hakiko mbali. Kati ya mfupa na mishipa hiyo kuna msuli mwembamba, sabklavia, unaotoka ubavu wa kwanza na kujishikiza kwenye mfereji ulio upande wa chini wa mtulinga. Kazi yake ya kusogeza mfupa ni ndogo, lakini mfupa unapovunjika ndio mto unaozikinga ncha kali zisichome kilicho chini. Mto huo una mipaka yake. Robert Peel, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alianguka kutoka kwenye farasi mwaka 1850, mtulinga wake ukavunjika, akafa siku 3 baadaye. Inaaminika kuwa mishipa ya damu iliyo chini ya mfupa ndiyo iliyochanika.

Mgonjwa wetu mapigo yalikuwepo, vidole vilisikia, pafu lilikuwa zima. Akapigwa picha moja ya eksirei. Kwa kuwa kukaa kulimuuma, alipigwa akiwa amelala chali. Picha ilionyesha mstari wa mvunjiko katika theluthi ya nje, vipande viwili vikiwa karibu kukutana. Daktari wa zamu akanipigia simu. Nikamuuliza, "Umehama?" Akajibu, "Kidogo sana." Nikasema mkono ufungwe kwa kitambaa cha kuuning'iniza shingoni, apewe dawa za maumivu, arudi baada ya wiki 2. Simu haikuchukua dakika 2.

Kwa nini niliamua vile

Uamuzi ule ulikuwa na mantiki yake. Kati ya mitulinga 10 inayovunjika, takriban 8 huvunjikia theluthi ya kati. Hapo ndipo mfupa unapobadili mkunjo, kutoka kubinuka mbele hadi kubonyea, na kutoka umbo la mviringo hadi kuwa bapa. Na ndipo pasipo na ligamenti yoyote ya kuupa nguvu. Mingi ya mivunjiko hiyo, hasa isiyohama sana, huunga vizuri kwa kitambaa na subira. Mtu aliyeona mitulinga mingi ikiunga yenyewe huanza kuamini kuwa mtulinga ni mfupa usio na makuu. Niliposikia "umehama kidogo sana" nikamtia mgonjwa katika kapu hilo.

Swali ambalo sikuuliza ni hili: mstari uko sentimita ngapi kutoka ncha ya nje?

Mfupa unaoshikwa na wengi

Ili swali hilo lieleweke, inabidi tuukague mtulinga kuanzia kidarini kwenda begani.

Mtulinga ndio mfupa pekee unaouunganisha mkono na kiwiliwili. Kombe la bega halina kiungo cha mfupa na mbavu. Limeelea juu ya kifua likiwa limezungukwa na misuli. Mkono wote kwa hiyo unaning'inia kwenye boriti moja iliyopinda kama herufi S. Boriti hii hulisukuma bega nje, mbali na kifua, ili mkono upate nafasi ya kuzunguka. Wapo watu wanaozaliwa bila mitulinga, au ikiwa nusu tu, na baadhi yao huweza kuyakutanisha mabega mawili mbele ya kifua.

Ni mfupa wa ajabu pia kwa umri wake. Huanza kugeuka mfupa kabla ya mwingine wowote mwilini, katika wiki ya 5 hadi ya 6 ya mimba, lakini ncha yake ya ndani ni miongoni mwa sehemu za mwisho kabisa kufunga, mtu akiwa na miaka 20 na kitu. Kijana wa miaka 19 anayedhaniwa kuteguka kiungo cha kidari huenda amevunjika kwenye sahani ya ukuaji, yaani gegedu la karibu na ncha ambapo mfupa hukua.

Upande wa kidarini umefungwa barabara. Ndani ya kiungo kuna kisahani cha gegedu. Mbele na nyuma kuna ligamenti za kifuko cha kiungo. Juu kuna ukamba unaovuka kutoka mtulinga mmoja hadi wa pili ukipita juu ya kidari. Na chini kuna ligamenti nene inayoufunga mtulinga kwenye ubavu wa kwanza. Hiyo ya mwisho ndiyo egemeo: bega likipanda, mtulinga hubembea juu yake kama mbao ya watoto ya kupandishana. Msuli mrefu wa shingo, sternokleidomastoidi, hujishikiza juu ya theluthi ya ndani, na msuli mkuu wa kifua hujishikiza mbele, kwenye nusu ya ndani. Mfupa ukivunjika katikati, wa kwanza huvuta kipande cha ndani kwenda juu, huku uzito wa mkono ukikishusha kipande cha nje na msuli wa kifua ukikivuta kuelekea ndani. Kila mwanafunzi anaweza kuchora mchoro huu, na unasaidia.

Shida ni kwamba mchoro huo ni wa theluthi ya kati. Kwenye theluthi ya nje wahusika hubadilika. Mfupa hapo ni bapa. Mbele umeshikwa na deltoidi, msuli unaolifunika bega, nyuma na trapezi, msuli mpana wa shingo na mgongo wa juu. Nchani unakutana na akromioni, lile paa la bega, kwa kiungo kidogo ambacho ligamenti zake huzuia hasa mtulinga kuteleza mbele na nyuma. Wanaouzuia kupanda juu wako chini yake: ligamenti mbili zinazotoka kwenye korakoidi, ule mfupa unaochomoza kutoka kwenye kombe la bega kama kidole kilichokunjwa. Ya nje na ya mbele kidogo inaitwa trapezoidi, ni pana kama utepe, na hujishikiza takriban sentimita 2.5 kutoka ncha ya nje. Ya ndani na ya nyuma inaitwa konoidi, ina umbo la pia, na hujishikiza kwenye nundu iliyo kati ya sentimita 3.5 na 4.5 hivi.

Hizi mbili ndizo zinazoubeba mkono. Kifupa cha korakoidi ni sehemu ya kombe, kombe limebeba mkono, na ligamenti hizi zinaliangika kombe kwenye mtulinga. Mstari wa mvunjiko ukipita nje yake zote mbili, kipande kikubwa cha ndani bado kimefungwa chini na hakiendi popote. Ukipita ndani yake, au katikati yake huku konoidi ikikatika, kipande cha ndani kinabaki bila nanga: trapezi hukivuta juu na nyuma, na mkono hushuka na kipande cha nje. Charles Neer, daktari wa upasuaji wa mifupa wa Marekani, aliigawa mivunjiko ya ncha ya nje katika miaka ya 1960 kwa kigezo hiki hiki, yaani hali ya ligamenti, na mgawanyo wake bado unatumika.

Mstari wa mgonjwa wetu ulikuwa sentimita 3 kutoka nchani. Niliupima siku ya 11, kwenye picha ile ile ya usiku wa kwanza. Ulikuwepo muda wote.

Siku ya 11

Hakusubiri wiki 2. Alirudi kwa sababu, kwa maneno yake, "Daktari, kuna kitu kinasukuma ngozi kutoka ndani." Alisema kilianza siku ya 3 au ya 4, alipoanza kutembeatembea, naye alidhani ni uvimbe wa kawaida. Nyumbani alikuwa akikivua kitambaa mchana kwa sababu kilimkata shingoni, akikivaa usiku tu. Hakuna aliyemwambia kwamba kitambaa kile hakikuwa cha kumstarehesha bali cha kuubeba mkono badala ya ligamenti.

Juu ya bega kulikuwa na nundu, ngozi imevutika na kung'aa lakini haijabadilika rangi kuwa nyeupe. Ukiibonyeza inashuka, ukiiachia inapanda.

Safari hii tulimpiga picha akiwa amesimama, mikono inaning'inia, mabega yote mawili katika picha moja. Umbali kati ya korakoidi na mtulinga upande mzima ulikuwa milimita 12, ambao ni wa kawaida. Upande uliovunjika ulikuwa milimita 22. Mvunjiko uliokuwa "umehama kidogo sana" amelala ulikuwa umeachana kabisa amesimama. Hakuna muujiza: mtu akilala chali, uzito wa mkono hauvuti tena kuelekea miguuni, na vipande hurudi kukaribiana kama watu waliogombana mgeni akiingia.

Njia tatu

Tulikaa na daktari bingwa wa mifupa. Mezani kulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuendelea na kitambaa. Mivunjiko ya aina hii isiyopasuliwa hushindwa kuunga mara nyingi zaidi kuliko ile ya katikati, ingawa wapo wazee wengi wenye mtulinga usiounga ambao hawana maumivu wala hawajui. Kwa mtu asiyehitaji kunyanyua mizigo ningeitetea njia hii bila haya. Kwa fundi anayefanya kazi mikono ikiwa juu, na ngozi ile iliyovutika, sikuitetea.

Ya pili ilikuwa bamba la kawaida lenye skrubu ndogondogo nchani, pamoja na uzi imara unaozungushwa kwenye korakoidi kufanya kazi ya ligamenti iliyokatika. Inavutia kwa sababu inarudisha kile kilichopotea. Lakini kipande cha nje kilionekana kimepasuka upande wa chini, na bingwa alihofia skrubu zisingepata mfupa wa kutosha kuuma.

Ya tatu ilikuwa bamba lenye kulabu. Bamba linakaa juu ya mtulinga, skrubu zinauma kipande cha ndani kilicho imara, na kulabu inapita nyuma ya kiungo cha nchani na kuingia chini ya akromioni. Haihitaji kipande cha nje kiwe kizima, kwa kuwa inatumia paa la bega kuushikilia mtulinga chini. Gharama yake ni kwamba chuma kinakaa mahali ambapo mfupa unatakiwa kucheza, hivyo sharti kitolewe baadaye.

Ilichaguliwa ya tatu. Upasuaji ulifanyika siku ya 15.

Kilichokutwa ndani

Konoidi ilikuwa imechanika kabisa, nyuzi zake zikining'inia kwenye korakoidi. Trapezoidi ilikuwa nzima, bado imeshika kipande cha nje. Yaani kipande cha nje kilikuwa kimetulia mahali pake na mkono, na kilichopanda ni mtulinga. Wanafunzi waliokuwepo walishangaa. Macho huona nundu na kudhani kitu kimesukumwa juu, wakati sehemu kubwa ya tatizo ni bega lililoshuka.

Konoidi haikushonwa. Kulabu iliushusha mfupa, ncha za mvunjiko zikakutana, ligamenti ikaachwa ijiunge yenyewe ikiwa imekaribiana. Deltoidi na trapezi, ambazo zilibidi zitenganishwe kidogo ili kufikia mfupa, zilirudishwa na kushonwa pamoja kwa uangalifu juu ya bamba. Hatua hiyo mara nyingi hufanywa kwa haraka timu ikiwa imechoka. Misuli hiyo miwili ni tabaka la pili la ulinzi wa ncha ya nje, na ikiachwa wazi bega hubaki dhaifu hata mfupa ukiunga.

Miezi iliyofuata

Alibaki na kitambaa wiki 4, akifanya mazoezi ya kubembeza mkono kama timazi, kisha ya kusaidiwa, bila kupandisha mkono kupita usawa wa bega. Kikomo hicho kina sababu. Mkono unapopanda hadi juu ya kichwa, takriban theluthi moja ya mwendo hutoka kwenye kombe kuteleza juu ya kifua, na kombe haliwezi kufanya hivyo bila mtulinga kupanda na kujizungusha kuelekea nyuma, nyuzi 30 hivi. Konoidi ikikazika ndiyo inayouzungusha. Kulabu ikiwa mahali pake, mzunguko huo unausaga mfupa wa akromioni kwa chini.

Mtaalamu wa fiziotherapia alilielewa hilo. Mgonjwa hakulielewa, kwa sababu hatukumweleza. Kufikia mwezi wa 3 picha ilionyesha mfupa unaunga, naye akaanza kujaribu kunyanyua mkono peke yake kwa kuwa aliona amepona. Maumivu yakaanza juu ya bega, hasa usiku. Picha iliyofuata ilionyesha kishimo kidogo chini ya akromioni pale kulabu ilipoegemea.

Bamba lilitolewa mwishoni mwa mwezi wa 4. Tulipomwambia kuwa kuna upasuaji wa pili alikaa kimya, kisha akauliza, "Hili mlilijua tangu mwanzo?" Tulilijua. Liliandikwa kwenye fomu ya ridhaa, mstari mmoja katikati ya mistari mingi. Kulitamka ni jambo jingine.

Wiki 6 baada ya kutolewa kwa bamba alikuwa anafika juu ya kichwa kwa shida kidogo nyuzi za mwisho. Mwezi wa 7 alirudi kazini kikamilifu. Umbali wa korakoidi na mtulinga ulikuwa milimita 14, ziada ambayo haikumsumbua. Amebaki na eneo la ukubwa wa kiganja lililokufa ganzi chini ya kovu. Neva za ngozi zinazotoka shingoni hushuka zikivuka juu ya mtulinga, na chale za hapa mara nyingi hukata baadhi yake. Anasema anaisikia ganzi hiyo anapofunga mkanda wa gari.

Uchambuzi

Kilichofaa kwanza ni uchunguzi wa usiku ule. Mishipa, neva na pafu vilikaguliwa kabla ya picha, kwa mpangilio unaotakiwa. Kilichofaa pia ni kwamba mgonjwa aliporudi kabla ya siku yake hakuambiwa asubiri. Na uchaguzi wa kulabu, kwa kipande kile cha nje, naona ulikuwa sahihi, ingawa wenzangu wawili wamesoma kisa hiki na kuniambia wangetumia uzi. Hoja yao ina uzito: uzi ungeepusha upasuaji wa pili na kishimo cha akromioni. Jibu langu ni kwamba mfupa uliopasuka chini hauoneshi uimara wake hadi ufunguliwe, na bingwa alichagua kifaa kisichoutegemea.

Kilichokosewa kinaanzia kwenye simu. Niliuliza kama mfupa umehama, swali ambalo jibu lake hubadilika kwa mkao wa mgonjwa. Sikuuliza mahali pa mstari, jambo ambalo halibadiliki akilala wala akisimama. Daktari wa zamu alijibu kwa ukweli alichoulizwa, nisingemlaumu. Sentimita 3 zingetosha kunifanya nidai picha ya kusimama kabla ya kukata simu, au kama maumivu yalizidi, kesho yake asubuhi.

Kosa la pili ni kitambaa kutolewa bila maelezo. Siamini kwamba kukivaa muda wote kungeuokoa mvunjiko huu; konoidi ilikuwa imeshakatika. Lakini ngozi isingefikia kuvutika vile, na tungepasua bila wasiwasi wa jeraha.

La tatu ni upasuaji wa pili usiotamkwa. Bamba lenye kulabu lina tarehe ya kuondoka tangu siku linapowekwa, na kikomo cha kunyanyua mkono kinatokana na sababu ile ile. Mgonjwa aliyeelezwa moja angeelewa la pili. Sasa tunamwonyesha mgonjwa mfano wa mifupa wenye bamba, tunanyanyua mkono wa ule mfano, naye anaiona kulabu ikisaga. Inachukua dakika 3.

Ripoti ya ile picha ya kwanza iliandikwa hivi: "Mvunjiko wa theluthi ya nje ya mtulinga wa kulia, umehama kidogo." Nikiiandika leo, kutokana na picha ile ile bila kuongeza kitu, ingekuwa: "Mvunjiko wa mtulinga wa kulia, sentimita 3 kutoka ncha ya nje, kati ya maeneo ya trapezoidi na konoidi. Picha imepigwa mgonjwa amelala. Kuhama hakuwezi kukadiriwa. Apigwe akiwa amesimama, mabega yote mawili."